Shamba la Etabo Linatoa Gesi

Pale Ngaremara, kando ya lami, wajenzi wa barabara waliondoka wakasahau kalavati moja, bomba nene la saruji la kupitishia maji, na tangu siku hiyo limekuwa bunge. Spika wake ni Lodio, muuza kahawa, ambaye watu humwita Profesa kwa sababu shule aliiacha mapema lakini jibu halijawahi kumwishia. Kulia kwake hukaa Gichunge na kikapu chake cha miraa. Huyo anaitwa Mheshimiwa, maana hata akiomba sukari husimama kwanza. Asubuhi hiyo alikuwepo pia Jattani, mfugaji mwenye ekari mbili kule Kulamawe, na mtamba wake wa ng'ombe, mwekundu, mwenye mimba akiwa amefungwa kwenye kibao cha barabara, akingoja kanta, lori dogo la mnunuzi. Mwisho kabisa wa kalavati alikaa Etabo, kikombe mkononi, kahawa imepoa, na roho yake haikuwa na raha hata kidogo.

Chanzo cha yote kilikuwa njahi, yale maharagwe meusi yanayotambaa. Watafiti walikuwa wamechagua mashamba sita wakapanda njahi, wakisema itafunika udongo na kuurutubisha, na wao watapima mambo mawili: unyevu ulio ardhini na gesi inayotoka kwenda angani kuzidisha joto la dunia. Masharti yalikuwa mepesi: palilia, ngoja mvua, usimwagilie. Kila wiki alikuja binti mmoja wa Meru, Kinanu, akafunika udongo kwa sanduku jeupe lisilo na kitako, akavuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano kama daktari. Na mashamba matano yalikuwa yamekauka kabisa. La Etabo lilikuwa na unyevu.

— Siyo unyevu tu, Profesa akasema huku akimimina. Na gesi. Yule msichana alisema hapa hapa, nikiwa na birika mkononi. Shamba la Etabo linatoa gesi kuliko hayo mengine yote ukijumlisha.

— Waheshimiwa, Gichunge akasimama, tena siyo gesi ya kawaida. Alisema moja ni ile ile madaktari wa meno hupatia mtu avute. Ukivuta, unacheka.

— Wacha!

— Haki ya Mungu. Gesi ya kucheka. Mkojo wa ng'ombe shambani unaitoa, mbolea inaitoa, na njahi ikioza kwa udongo wenye maji pia inaitoa. Sasa niambieni, punda wa jirani Mama Joy akipita kwa ua wa Etabo, hufanya nini?

— Hulia.

— Hucheka! Mimi nimemsikiza. Akifika kwa kona ndio anarudia kulia.

Jattani aligeuka kumtazama Etabo kwa makini, kama anayekagua meno ya mnyama sokoni.

— Na wewe unayelala ndani ya hiyo gesi, mbona hucheki?

— Sijui, Etabo akasema.

Kweli, hakuwa amecheka muda mrefu. Mbuzi wake arobaini na mmoja waliisha kwenye ule ukame mkubwa, akawahesabu mmoja mmoja kwa majina walipokuwa wakianguka. Baada ya hapo akachukua jembe. Watu walimwambia mchungaji hawezi shamba, naye akanyamaza akapanda. Njahi ikaota, ikatandaa, kisha jua likaja na majani yakaanza kuinamisha vichwa. Jamani, mtu aliyeona mnyama wake akiinamisha kichwa hivyo, masharti ya watafiti atayakumbuka vipi? Etabo aliamka alfajiri, akabeba mitungi ya maji, akainywesha. Kesho yake tena. Mwezi mzima sasa, na hakumwambia mtu. Wiki iliyopita Kinanu alipomuuliza kama kuna aliyemwagilia, alisema hapana. Uongo huo alikuwa ameubeba tangu hapo.

Angeweza kuubeba hata mwaka, kama si Jattani. Jana jioni Jattani alikuja kumwambia kwa furaha kwamba anauza mtamba apate pesa za kulima na kuzungushia ua zile ekari mbili za Kulamawe, apande njahi tupu. Kwa nini? Kwa sababu njahi inatengeneza maji. Si ameona mwenyewe kwa Etabo?

Usiku kucha Etabo hakupata usingizi, na alfajiri ya leo hakwenda kuchota maji.

— Mimi nitawaeleza maji inatoka wapi, Profesa akasema. Mizizi. Mizizi ya njahi inashuka chini, inapiga kona, inaenda mpaka mto Ewaso Nyiro. Inakunywa huko, inarudisha maji huku.

— Ewaso yenyewe imekauka!

— Imekauka kwa nini? Si ndio hiyo mizizi ya Etabo!

— Hapana, hapana, Mheshimiwa akapinga. Ni jasho. Wewe ukiona sindano hutoki jasho? Hiyo njahi inadungwa sindano kila wiki. Ikisikia pikipiki ya Kinanu inakuja, inalowa yote.

— Anadunga sanduku, siyo njahi.

— Na njahi inajua tofauti?

— Na mashamba yale mengine matano? Hayadungwi?

Mheshimiwa alifikiri kidogo.

— Hayo hayana woga.

— Mimi haya yenu sitaki, Jattani akasema. Mimi ni mtu wa kuona. Nimechimba kwa kidole hapo kwa Etabo, nimekuta udongo baridi. Kulamawe tumengoja kisima miaka. Sasa kisima ni mbegu, naweza kubeba kwa gunia. Huyu mtamba aende tu.

Mtamba, akisikia anasemwa, alinyoosha shingo akachukua kifungu cha miraa kutoka kwenye kikapu.

— Huyo leo hatalala, Profesa akasema.

— Jattani, Etabo akaanza. Sauti ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. Jattani, ngoja kwanza mvua. Huyu ana mimba. Hata ukipanda...

— Etabo! Wewe umefaulu, sasa hutaki mwenzako afaulu?

Wote wakamwangalia. Etabo alirudi kwenye kikombe chake. Alijiona mwoga, na ni kweli alikuwa mwoga.

Pikipiki ikasimama. Kinanu akashuka, kofia ya chuma mkononi na daftari kwapani.

— Habari zenu wazee. Bwana Etabo, nimetoka kwako sasa hivi. Leo majani yameanza kulegea, lakini chini bado kuna maji. Narudi ofisini kuandika ripoti, tena wakubwa wanataka familia zingine arobaini zipande msimu huu. Nauliza mara ya mwisho tu. Hakuna mtu alimwagilia?

Kabla Etabo hajafungua mdomo, bunge lilishamjibia.

— Nani amwagilie? Profesa aliwaka. Hapa watu wanagawana maji ya kunywa na punda!

— Ni kumkosea heshima, Mheshimiwa akasema akiwa amesimama. Naomba msichana aondoe swali hilo.

— Mimi ni shahidi, Jattani akasema. Huyu hasemi uongo. Hata mbuzi wake walipokufa, serikali ikiandika watu wa kulipwa fidia, wengine waliongeza idadi. Yeye alisema arobaini na mmoja tu.

Hiyo ilimchoma Etabo kuliko tusi. Huko barabarani kanta ilitokea, ikawasha taa ya kuingia kando, ikapiga honi. Jattani akaamka kufungua kamba.

Ndipo Fardowsa wa kioski cha maji akapita na mkokoteni wake wa punda. Hakujua lolote kuhusu gesi wala mizizi. Alimwona tu mteja wake.

— Etabo! Mbona leo hukuja? Ile mitungi yako minne nimekuwekea kando tangu alfajiri. Wale watoto wa mbuzi wagonjwa wamepona?

Kila mtu pale alijua Etabo hana mbuzi hata mmoja. Profesa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuna kitu kilichotoka. Mheshimiwa akakaa chini taratibu.

— Si wale watoto wa mbuzi alisema anawanywesha? Fardowsa akauliza, akiwaangalia mmoja mmoja. Kwani nimesema nini?

Honi ikalia mara ya pili. Etabo aliweka kikombe chini, akatembea mpaka kwenye kibao, akaichukua ile kamba mkononi mwa Jattani, akamgeuza mtamba kichwa kikaelekea nyumbani, kisha akamrudishia kamba.

— Usimuuze, alisema. Hayo maji ni mimi. Njahi ilikuwa inainamisha kichwa, Jattani. Nilishindwa kuiangalia.

Kinanu hakugomba. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa mweupe.

— Lita ngapi?

— Themanini.

— Kila siku?

— Kila siku. Isipokuwa leo.

— Basi hiyo gesi yote ni maji yako, akasema huku akiandika. Na ripoti ya zile familia arobaini, ingoje kwanza.

— Si nilisema maji inatoka mbali? Profesa akapata sauti. Niliwaambia! Akainamisha birika amimine kwa ushindi, ikatoa tone moja.

Jattani alikuwa bado ameshika kamba. Alimpungia dereva wa kanta aende zake, dereva akatukana, akaenda. Kisha akamgeukia rafiki yake.

— Mitungi minne. Kwa mgongo. Ati watoto wa mbuzi.

— Ndiyo.

— Huyu akizaa, ndama utakuja kuchunga wewe. Ukiachwa bila mnyama, wewe utanywesha hata hili kalavati.

Etabo alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika magoti, machozi yakimtoka, na huko nyuma punda wa Fardowsa naye akaanza.

Mheshimiwa alisimama, akanyoosha kidole.

— Mnaona sasa? Hiyo ndio gesi.