Msiuze Babasu Nzima

Sogeeni karibu, na wewe Genivaldo zima hiyo pikipiki, maana kufa ninakufa mara moja tu na maneno yangu sirudii.

Nimeliona rundo lako nyuma ya nyumba. Mtoto niliyemzaa mimi, unaokota babasu, kokwa ngumu za michikichi yetu ya porini, unazirundika zikiwa nzima, eti saa tisa lori la tanuri la mkaa lije kuzibeba zikachomwe na viini vyake ndani! Una wazimu? Kinachochomwa ni kifuu. Kifuu, Genivaldo! Kiini ni mafuta ya kukaangia, ni tui la samaki, ni sabuni iliyokuogesha wewe na hicho kichwa chako kikubwa. Unga wa nyama ya ganda lake ndio uji uliokukuza mwaka ule mvua iligoma. Na makuti ya mti wake hayo hapo juu yanakukinga jua huku umeninunia. Miaka hamsini nimekaa chini, shoka nimelibana kwa mguu, makali juu, rungu mkononi, na jimbo zima la Maranhão hakuna mwanamke aliyenishinda kupasua. Msibishe, waliobisha nimeshawazika wote.

Zamani mwenye shamba aliizungushia michikichi hii waya akaweka watu wenye bunduki. Tukapita chini ya waya, na wewe ukiwa tumboni. Leo unampelekea mwenye tanuri, tena kwa hiari yako, kitu ambacho yule alishindwa kutunyang'anya!

Nimekusikia ukimwambia dada yako Ivonilde, "Mwanaume hapasui, watanicheka." Wacheke! Wewe ulikula vya nani?

Basi. Nyumba na shoka ni vya Ivonilde. Miche ya babasu isikatwe hata mmoja. Lori likija, Ivonilde mwanangu, lirudi tupu. Na wewe, bwana mkubwa, kaa hapo mlangoni, watu wakuone, upasue. Jeneza langu lisitoke kabla rundo halijaisha. Vifuu viwapikie wageni wa matanga, viini wagawane wanawake wote niliopasua nao.

Ivonilde, mpe shoka... Siyo hivyo, Genivaldo, jinga wewe, utajikata kidole! Igeuze hiyo babasu... sasa piga.

Eh. Hivyo.

Mungu awape... ngojeni, pumzi... awape mikono yenye nguvu, na kivuli, na chungu kisichokauka. Na wewe pia, Genivaldo. Nimekusamehe... Usinitazame mimi, tazama makali.

Piga nisikie.