Sista Geuza na Ahadi ya Fundi Viatu

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo hakupenda kusubirishwa, kwa hiyo tusimcheleweshe. Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Mama yao alisimulia kwamba wengine walikaa, wakatambaa, kisha wakasimama. Huyu hatua ya kukaa aliiruka. Siku moja alikutwa nje ya lango la kiwanda amevaa kiatu kimoja cha baba yake, ameshika njia, na alipoulizwa aendako alijibu kwamba bado hajaamua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, ng'ambo ya reli, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana aliyoimaliza 1975. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa kutotulia. Mmoja wao alichoka kumwambia akae, akamkabidhi kazi ya kufuta ubao na kugawa madaftari, na darasa zima likapumua. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha uuguzi. Huko mkufunzi aliwalaza wanafunzi wote kwenye vitanda vya mazoezi, wasisogeze hata kidole, ili waonje anachokionja mgonjwa aliyepooza. Wenzake walilala, na wengine wakakoroma. Mkufunzi hajamaliza maelezo, marehemu alikuwa amesharuka chini, jasho linamtoka, analalamika kwamba nyonga inawaka moto. Alitarajia kukaripiwa. Badala yake mkufunzi aliwaambia waliolala waamke, kwa sababu aliyeelewa somo ni mmoja tu. Desemba 1979 alihitimu na kusajiliwa kuwa muuguzi.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika makao ya wagonjwa wa muda mrefu, lile jengo refu lisilo na ghorofa mwishoni mwa mtaa wa magereji, na hapo alifanya kazi hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2016. Kwa wasiopajua, pale si mahali pa kuingia na kutoka. Waliopo ni waliopigwa na kiharusi, wazee ambao miili imewachoka, na vijana walioanguka kazini wakavunjika uti wa mgongo. Kazi ya muuguzi pale ni dawa, kulisha, kuosha na, zaidi ya yote, kugeuza. Mtu asiyeweza kujigeuza akiachwa ubavu mmoja muda mrefu, damu haifiki kwenye ngozi, ngozi inakufa, na panatoboka kidonda cha kulalia ambacho kukiponya ni kazi pevu. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili marehemu alipita kitanda kwa kitanda na mito yake kwapani. Mkaazi mmoja, dereva mstaafu wa lori mwenye mdomo mrefu, alinung'unika kwamba hata nguo kwenye kamba hazigeuzwi hivi, akambandika jina la Sista Geuza. Jina lilimganda. Hata mkurugenzi alijisahau siku moja akalitaja mbele ya wageni.

Mbele ya lango la makao hayo palikuwa na kibanda cha fundi viatu, kijana mpole ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kutwa. Marehemu alimpelekea viatu vyake vyeupe vya kazini. Fundi alizitazama soli zilivyolika, akamuuliza kwa heshima kama wanavivaa watu watatu kwa zamu. Marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kuchekeshwa hovyo, alicheka hadi akaegemea mlango. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984 na wakajaliwa watoto watatu. Tusiseme uongo mbele ya jeneza: haikuwa ndoa ya utulivu. Fundi alitamani mke wa kukaa naye mezani. Alichopata ni mke aliyekula amesimama, sahani mkononi, huku akinyoosha mapazia kwa mkono wa pili. Alisema, alibembeleza, alinuna, mwisho akazoea.

Jambo moja fundi hakulizoea: hofu aliyokuwa nayo mkewe. Mwaka 1988 marehemu alikwenda likizo ya uzazi wa mtoto wa pili. Aliporudi kazini alimkuta mwalimu mstaafu wa kitanda cha dirishani, mgonjwa aliyempenda mno, ana kidonda kwenye kiuno kinachoweza kuingiza ngumi. Zamu zilikuwa na upungufu wa watu, na kila mmoja alidhani mwenzake amemgeuza. Mwalimu yule hakupona. Marehemu hakumlaumu mtu, lakini alirudi nyumbani na kuzunguka uani na mtoto mgongoni mpaka fundi akamfuata na kumshika mkono. Tangu hapo hakuamini kitu kinachoitwa kutulia. Kwake mtu aliyetulia alikuwa mtu aliyesahauliwa.

Katikati ya mwaka 2021 miguu yake ilianza kufa ganzi. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye uti wa mgongo, mahali ambapo madaktari hawakuthubutu kupasua. Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata, yule asiyeshikika alikuwa hawezi hata kukunja goti. Sisi ndugu tulikaa kikao, tukapendekeza apelekwe makao yale yale, kwa kuwa wanamjua na wanampenda. Marehemu alikataa katakata. Alisema anawapenda sana wenzake, na anajua pia idadi ya vitanda wanavyohudumia. Kisha alimwita mumewe peke yake.

"Kufa nitakufa," alimwambia. "Ila niahidi nisizikwe na kidonda."

"Nakuahidi."

"Usikubali haraka hivyo. Hujui unachokubali."

Kweli hakujua. Fundi alihamisha meza yake ya kazi, misumari na nyundo, akaviweka chumbani kando ya kitanda, na saa ya simu yake ikawa inalia mchana na usiku. Mara ya kwanza alimburuta, akaambiwa kwamba mgonjwa si gunia, anainuliwa kwa shuka, haburutwi. Alikata sponji nene la soli, akalitoboa katikati kama pete, akaja nalo amechangamka ili mkewe alikalie. Marehemu alilitupa chini: pete kama hiyo inabana damu pande zote. Fundi aliumia, akaenda kutumia sponji hilo kwenye ndara za mteja. Polepole alijifunza. Alijua mto mmoja uende nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, na visigino vining'inie bila kugusa godoro. Alijua kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo unapapasa kwa mgongo wa mkono, na ukisikia joto au ugumu, hatari iko hapo. Kila asubuhi alimweleza mkewe hali ya mgongo wake, na kila asubuhi mkewe hakumwamini, mpaka fundi akanunua vioo viwili akawa anavishika kama kinyozi. Marehemu alijikagua, akatafuta kosa, akakosa, akaomba chai.

Alikuwa mgonjwa mgumu. Tunasema hivyo kwa mapenzi, na mwenyewe asingetaka tupake sukari. Aliwagombeza waliomtembelea kwa kukaa sana, na akawagombeza kwa kuondoka mapema. Fundi alikonda, macho yakamtumbukia, akawa anasinzia na kiatu cha mteja mapajani na kushtuka akidhani amepitiliza. Roho yake ilikuwa juu muda wote. Hata saa ilipokuwa haijalia, alinyanyuka, akapapasa nyonga ya mkewe, akarudi, akanyanyuka tena.

Mei 2023 maumivu yalizidi dawa. Kuguswa tu kulimuumiza, na kila alipogeuzwa machozi yalimtiririka bila sauti. Binti yao mkubwa alimsihi baba yake aache. Fundi alikataa, akasema ameahidi. Binti alimwambia anamtesa mama kwa ajili ya ahadi, akatoka na kuubamiza mlango. Fundi aliendelea kugeuza.

Tarehe 14 Juni 2023, baada ya chakula cha mchana, saa ililia. Fundi alikunja mikono ya shati, akashika ncha za shuka. Marehemu alikuwa amelalia ubavu wa kulia, akitazama dirishani.

"Leo usinigeuze," alisema. "Kaa."

Fundi alisimama na shuka mkononi. Aliuliza, na ile ahadi?

"Nimekwambia kaa."

Alikaa. Saa ililia tena, akaizima. Marehemu alishika kidole gumba cha mumewe, akasinzia, na jua lilipokaribia kuzama akafariki dunia, akiwa bado kwenye ubavu ule ule.

Tangu jioni ile hadi asubuhi ya leo, wengi wenu mmeona mfiwa hakai. Amepewa viti, amevisogeza kando. Ametembea kutoka langoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi langoni, amepanga viatu vya wageni mlangoni na kuvipangua. Mlidhani ni uchungu, nao uchungu upo. Lakini jana alimwita mdogo wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya, akamwambia kinachomtafuna. Alikuwa ameivunja ahadi. Alimwacha ubavu mmoja tangu mchana hadi jioni, akijua vizuri saa chache zinatosha, na yeye mwenyewe ndiye aliyeizima saa. Hakuwa na ujasiri wa kufunua shuka kutazama. Alihisi amemsahau, kama yule mwalimu wa dirishani alivyosahauliwa.

Kina mama waliomwosha marehemu asubuhi hii waliongozwa na muuguzi mwenzake wa miaka mingi, ambaye walishika zamu pamoja pale makao. Aliombwa atazame. Alipomaliza alitoka, mikono bado mibichi, akamkuta fundi ukutani nje ya chumba.

"Shemeji, mgongo wake ni mzima."

"Na nyonga ya kulia?"

"Nimepapasa kwa mgongo wa mkono, kama alivyotufundisha. Haina kitu. Miaka yote pale sijamwosha mtu aliyelala muda mrefu hivi akiwa na ngozi kama ile."

Fundi alimtaka arudie, naye akarudia. Kisha fundi alivuta kiti kimoja kati ya vile alivyovikataa, akakaa, akaegemeza kichwa ukutani na kulala palepale, watu wakimpita na masufuria. Binti yake mkubwa alikaa jirani naye ili asianguke, na hakuna aliyemwamsha hadi jeneza lilipofungwa. Ameturuhusu yote haya yasomwe.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu watano, kaka mmoja na wadogo wawili, pamoja na wakaazi wa makao ambao bado wanauliza zamu yake ni lini. Alihangaika kwa ajili ya miili ya watu wengine mpaka wake ukachoka. Sasa alale kwa amani, ubavu autakao mwenyewe.