Marehemu Reverien Ndayiragije, Fundi Cherehani, Hakurogwa

Marehemu Reverien Ndayiragije alizaliwa Murungu, wilaya ya Kibondo, tarehe 12 Machi 1938. Mimi Winifrida, dada yake mkubwa, ndiye niliyembeba mgongoni, na leo ndiye ninayemsomea wasifu wake. Mnivumilie sauti. Si kilio tu, nina hasira.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akajifunza kushona Kasulu, barazani kwa fundi Mzee Hilali. Alirudi mwaka 1957 na cherehani yake. Kila kaptula ya shule aliiachia upindo mpana, akisema mtoto hukua haraka kuliko kipato cha baba yake. Wengi mlioketi hapa mmesomesha watoto kwa upindo huo.

Tarehe 8 Julai 1961 alifunga ndoa na Theodosia, wakajaliwa watoto wanne.

Jumapili tarehe 9 Oktoba mwaka huu, 1977, alikunywa pombe ya ndizi kwa jirani yetu Maximilla. Maximilla alionja kwanza mbele ya wote, kama ilivyo desturi yetu. Watu saba waliharisha, Reverien na Maximilla mwenyewe wakiwemo, na wote wakapona. Wiki mbili baadaye Reverien akapata ganzi nyayoni, akashindwa kukanyaga cherehani. Ganzi ikapanda magotini, ikafika mikononi. Nanyi mkafanya nini? Mkasema Maximilla kamroga, mkampeleka kwa mganga akachanjwa siku sita, huku vijana wenu wakifyeka migomba ya Maximilla.

Tulimfikisha hospitali tarehe 4 Novemba. Daktari alitueleza kwamba mishipa ya fahamu ina chembe zinazoizunguka na kuitunza. Askari wa mwili, waliokwisha kupigana na ugonjwa wa tumbo, walizidhania chembe hizo kuwa adui, wakazishambulia. Ndiyo maana amri ya kutembea haikufika miguuni, na mwishowe ya kupumua haikufika kifuani. Kwa nini yeye na si wale wengine, daktari alikiri hajui. Nilimuuliza kama ni sumu.

“Sumu hakuna, mama. Mngemleta mapema, labda.”

Reverien alisikia. Kwa pumzi iliyobaki aliniambia, “Dada, wasimfukuze Maximilla.” Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Novemba.

Nasikia kesho mna kikao cha kumfukuza Maximilla kijijini. Hamna haya?

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, dada mmoja, na jirani, Maximilla, ambaye atatia udongo kaburini pamoja nasi wa familia. Asiyetaka kuona, njia ile pale.

Mungu ampe Reverien pumziko, na sisi atupe aibu.