Historia ya Marehemu Harub bin Khalaf, Mjaza Risasi wa Ibra

Assalamu alaykum. Waliohudhuria hapa sablani, ukumbini mwetu, leo ni hawa: Bwana Sultan bin Khalaf, mdogo wake marehemu, aliyetoka Nizwa, na mwanawe, Maen bin Sultan, aliyefuatana naye, na Alaa bin Harub, mwana wa marehemu, wa hapa Ibra, na majirani zetu, na jamaa wa Mudhaibi, na nyumbani, wanaosikia kwa kipaza sauti, wapo mjane wake, Bi Fawziya binti Yazeed, na binti yake, Bi Manar, aliyeolewa Sur, na dada yake, Bi Ghanima binti Khalaf, wa Aija. Mimi ni Mutasim bin Yazeed, kaka yake Bi Fawziya, na familia imenitaka nisome.

Harub bin Khalaf bin Saif alizaliwa Tabora, tarehe 3 Juni 1931, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa. Alisoma skuli ya Serikali, Tabora, tangu 1939 hadi 1947, akafaulu vyema katika hesabu, ingawa mwalimu wake alilalamika kwamba anajua majibu yote lakini kiti chake daima ni kitupu.

Mwaka 1949 aliingia katika karakana ya fundi bunduki wa Tabora, Bwana Gurdial Singh, na huko ndiko alikojifunza kazi ya kujaza risasi, yaani kulichukua ganda la shaba lililokwisha kupigwa, kulitia fataki mpya, baruti na risasi, likatumika tena. Tarehe 9 Agosti 1956 ganda moja alilolikagua yeye mwenyewe lilikatika karibu na kitako ndani ya bunduki ya msasi mmoja, Bwana Ramadhani Mfaume, moshi wa moto ukarudi nyuma, na Bwana Ramadhani akapoteza jicho la kulia. Bwana Gurdial Singh alimwambia, "Si kosa lako, hata mimi nisingeliona," na Harub akamjibu, "Ungeliona, kama nisingelisafisha kwanza."

Maana ganda linaloanza kuchoka huonyesha mzingo mweupe, mwembamba kama uzi, juu kidogo ya kitako, hapo ndipo shaba imenyooka na kuwa nyembamba, na mtu akilisugua likang'aa, mzingo ule hupotea, ubaya ukabaki. Tangu siku ile hakutulia. Angeweza kuwa anakula nanyi, akanyanyuka na tonge mkononi, akaenda kulitazama tena ganda alilokwisha kulipitisha asubuhi.

Alimuoa dada yangu, Bi Fawziya, Tabora, tarehe 12 Aprili 1958, akajaaliwa watoto wawili, Manar, aliyezaliwa Tabora mwaka 1960, na Alaa, aliyezaliwa Sur mwaka 1974. Familia ilifika Oman mwaka 1972, naye akafanya kazi ya bohari ya Serikali Sur, kisha Nizwa kuanzia 1979, kisha hapa Ibra kuanzia 1984, na kila alipohamishwa, yeye ndiye aliyeomba. Alistaafu mwaka 1991, na baada ya miaka miwili, kwa idhini iliyotakiwa, alianza kuwajazia risasi jamaa na watu wa kulenga shabaha siku za Idi.

Wengi wenu mlimpelekea maganda, na wengi mlirudishiwa maneno. Hakukubali kuletewa ganda lililosafishwa, wala maganda ya bunduki mbalimbali yaliyochanganywa, kwa kuwa kila bunduki, na hasa hizi kuukuu tulizorithi, hulinyoosha ganda kwa namna yake. Alikuwa na waya mwembamba, ncha yake imepindwa, akiuingiza ndani ya ganda na kuuvuta taratibu ukuta kwa ukuta, na ukikwama pahali kama kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha. Lililopasuka shingo hakulijadili. Na lile alilolikataa hakulirudisha zima, aliliweka juu ya chuma akalibamiza kwa nyundo, asije mwingine akalijaza. Waliokuwa na haraka aliwaambia, "Ndugu yangu, harusi ina siku yake, jicho halina."

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nyote mnalijua, na familia imekubali lisemwe. Mwaka 1998 Bwana Sultan alimuoza mwanawe, Maen, Nizwa, na ilikubaliwa kwamba upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi watalenga shabaha mlimani. Bwana Sultan alikusanya maganda kwa jamaa na marafiki, na mkewe, Bi Umkulthum, kwa heshima ya shemeji yake, aliyasugua kwa ukwaju na majivu kama tulivyokuwa tukisugua masinia yetu ya shaba, mpaka yakawa kama dhahabu, kisha yakaletwa Ibra. Harub aliyapitishia waya, mengine yakakwama, mengine hayakukwama, na mengine mkono wake haukuamua, wala hakujua lipi limetoka kwenye bunduki ipi.

Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 1998, mbele ya wageni wamejipanga, Bwana Sultan alifungua sanduku lililorudi kutoka Ibra akayakuta maganda yote yamebamizwa bapa, pembe tatu tatu. Akasema kwa sauti, "Nilikupa maganda, kaka, umenirudishia sambusa!" Watu wakacheka, upande wa bibi harusi wakapiga shabaha yao, na upande wetu wakasimama na bunduki kimya. Tangu hapo marehemu akaitwa Harub Sambusa hata na watoto wa barabarani, na ndugu wawili wa tumbo moja hawakusemezana kwa zaidi ya miaka minane.

Ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Kila Idi alivaa, akatia halua garini, akasema anakwenda Nizwa kumwamkia mdogo wake, na kila Idi alirudi. Bi Fawziya humuuliza, "Leo umefika wapi, Bwana?" Naye hujibu, "Sinaw." "Na Idi ijayo?" "Inshallah Izki, pale karibu na Nizwa." Idi moja alifika mpaka mlangoni pa Bwana Sultan, akasikia watu wanacheka ndani, akadhani wanacheka sambusa, akageuza gari.

Mwezi wa Februari 2007 alishikwa na maradhi ya moyo, akalazwa hospitali hapa Ibra, na hata huko wauguzi walikuwa wakimkuta amesimama dirishani. Alaa alimpigia simu ami yake bila ya ruhusa ya baba, na Jumatatu, tarehe 12 Machi, Bwana Sultan akaja. Tulikuwapo mimi na Bi Ghanima.

Bwana Sultan alisema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umechelewa."

"Niambie kweli. Yale maganda yalikuwa mabovu?"

"Sijui."

"Hujui? Umeniaibisha mbele ya wakwe, nimekaa na jambo hili miaka yote hii, na wewe hujui?"

Harub akasema, "Ningejua ni mazuri, ningeyajaza. Sikujua, ndiyo maana nikayaponda. Maen ana macho mangapi?"

"Mawili."

"Basi."

Bwana Sultan akainama, akambusu kichwani, kisha akasema, "Lakini ungenipigia simu," na Harub akasema, "Ungenisikiliza?" wakaendelea hivyo, sauti zinapanda, wameshikana mikono, Bi Ghanima analia na kucheka, mpaka muuguzi akamtoa Bwana Sultan nje. Aliondoka kwa ahadi ya kurudi na Maen.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia, inawashukuru majirani wa Ibra waliopika, waliochimba kaburi na waliowapokea wageni, inawashukuru waliofanya naye kazi Sur, Nizwa na hapa, na wote waliotoka mbali. Mwenye deni naye amwone Alaa, na aliyekasirishwa naye kwa ajili ya ganda lake tunamwomba amsamehe. Ndugu yetu, duniani hukupata kukaa kitako, Mola akujaalie huko utulivu ulioukosa huku.

Harub bin Khalaf bin Saif alifariki hospitalini Ibra, Jumatano, tarehe 14 Machi 2007, kabla ya adhuhuri.