Glovu ya Sigara

Mkabala na geti la nyuma la hospitali kuna benchi lenye mguu wa tofali. Hapo wauguzi huja kuvuta sigara, kila mmoja kavaa glovu mkono mmoja, ili vidole visinuke akirudi kushika wagonjwa. Asubuhi hiyo Spana, fundi baiskeli, hakuwa na moyo wa kushika hata pampu. Mdogo wake Sindano, muuguzi wa wodi ya kifua, alikuwa ndani akisubiri majibu ya picha ya mapafu yake. Alikuwa amekohoa mwezi mzima, na Spana roho ilikuwa juu juu.

— Usijitie presha, — akasema Mama Kahawa, akimmiminia. — Hawa wa hospitali wanavuta kwa mawazo ya kazi tu.

— Mawazo gani! — Kinyozi akadakia. — Wanajua siri hao. Moshi unaua vijidudu. Ushaona nyama ya kukaushwa kwa moshi ikioza?

— Kwa hiyo Sindano ni nyama?

— Naongea kitaalamu, mama! Mapafu yao yameshaota sugu kama kisigino. Hata ugonjwa ukija, unateleza.

— Kinyozi, nyamaza, — akasema Spana. — Yule nimembeba mgongoni mimi.

Mara Sindano akatokea getini, bahasha mkononi, meno yote nje.

— Safi, kaka! Mapafu hayana kitu. Kikohozi tu, nimepewa dawa.

Spana alijibwaga kwenye benchi, nusura liwaangushe wote. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

— Mama, wape kahawa wote!

— Si nilisema? Sugu! — Kinyozi akashangilia.

Kwa furaha Sindano akavaa glovu, akachomoa sigara. Kinyozi akamwashia kiberiti.

Bibi mmoja aliyeruhusiwa kutoka wodi ya Sindano, plasta ya dripu bado mkononi, alikuwa amesimama akiwatazama.

— Mwanangu, hiyo glovu ya nini?

— Ya kukinga vidole, bibi. Visishike moshi.

— Ahaa. Na mapafu unayavisha nini?

Kiberiti kikamuunguza Kinyozi. Mama Kahawa akainamisha birika. Kahawa ilikuwa imeisha, kwa hiyo hakukuwa na hata kikombe cha kufichia uso. Spana akanyoosha kiganja. Sindano akaweka sigara ambayo ilikuwa haijawaka, kisha pakiti nzima, halafu akavua glovu akaiweka juu yake.

— Shika, kaka.

Spana akavitia vyote mfukoni, akaenda kujaza upepo baiskeli ya mteja iliyomsubiri tangu asubuhi.