Chumvi Ilivyokula Paipu ya Breki

Haya, mmesema nisimame, nimesimama. Mgongo huu leo umeanzia kazi chini ya gari, kwa hiyo mkiniona nimepinda mnivumilie. Nawasalimu nyote, wa msikitini na wa kanisani.

Mnaijua ile Haisi yetu chakavu. Mume wangu aling'oa viti, akatia kitanda cha mbao, jiko na pazia, tukawa tunalala humo humo tukifuata magulio, Nachingwea hadi Ruangwa, tunauza ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Watu wakatucheka, wakaiita nyumba ya konokono. Kisha mwenzangu akapooza upande mmoja, na ulimi ukawa mzito. Nikajifunza kuendesha, leseni nikapata, nikawa namlaza kitandani nyuma na kazi inaendelea. Maana ningemwacha na nani?

Ndugu zangu, nawaambia, mimi gari nilijua kulifagia tu. Ndoo za ng'onda nilizipanga chini ya kitanda, na maji yake ya chumvi yakimwagika nayasukuma kwa ufagio yatokee kwenye tundu la sakafu. Najiona msafi. Kumbe chini ya lile tundu ndiko inakopita paipu ya breki. Chumvi ikala chuma taratibu, msimu baada ya msimu.

Siku hiyo tunateremka kuelekea Ruangwa, nakanyaga pedeli, inazama mpaka chini. Nakanyaga tena, hakuna kitu. Breki ya mkono nayo ilikwisha zamani. Nyuma nikasikia ule ulimi mzito: "Mama Zuhura. Gia... shusha gia." Nikashusha. Gari likanguruma, likapungua mwendo, nikaliingiza kwenye shamba la mihogo likasimama. Tukatoka wazima, ila yeye alianguka kutoka kitandani akapasuka kwenye paji la uso. Nililia pale kwenye mihogo, sioni aibu kusema.

Shemeji zangu wakaja kutoka Marambo kumchukua. Siwalaumu. Walisema mgonjwa haishi kwenye jeneza lenye magurudumu, nami nilikuwa nimechoka hata kubisha. Nikaanza kumfungia nguo zake. Wao wanapanga, mpaka mume wangu akasema: "Mbona mimi hamniulizi? Nakaa na mke wangu. Gari tutalitengeneza." Alichukua muda kuyamaliza maneno hayo, na hakuna aliyemkatiza. Mkubwa wao akakubali, kwa sharti kwamba hatuondoki mpaka alipande gari yeye mwenyewe kulijaribu.

Fundi akabadilisha paipu zote, raba za breki na matairi yaliyokwisha, breki ya mkono ikashika, tundu likazibwa. Ng'onda sasa inakaa juu, kwenye keria. Na kila tukitaka safari nalala chini ya gari na tochi ya simu, mume wangu amekaa mlangoni ananiuliza. Paipu ya kulia? Kavu. Ya kushoto? Kavu. Nikikuta unyevu hatutoki, hata gulio litupite, na limetupita si mara moja. Yule shemeji mkubwa alikuja, tukateremka naye mteremko ule ule. Aliposhuka akamwambia mdogo wake, "Kaa na mkeo."

Nyinyi mliotupa chumba na uji wakati nyumba yetu iko gereji, mnajijua, sitawataja. Na wewe uliyenipa mkeka wa kulalia chini ya gari, umekwisha kutoboka lakini bado nautumia. Mungu awalipe.

Funzo langu ni hili: kinachokubeba, kiinamie ukitazame, usikifagie juu tu ukajisifu. Nami nimechoka, siwafichi. Kuuguza kunachosha, na gari la zamani nalo ni mgonjwa, kila siku lina lake. Ila kesho gulio liko Nambambo, na tunakwenda wawili.