Ngumi Mbili Mwambani: Kumbukumbu ya Anicet Ndikumana

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni punguzeni moto. Mlio barabarani, mkipata nafasi egesheni gari pembeni. Kumbukumbu ya leo si laini.

Anicet Ndikumana alimpiga shemeji yake ngumi mbili za mdomo. Hilo ni kweli. Alichomoa kisu mbele yake. Hilo nalo ni kweli. Dakika chache baadaye Anicet alikuwa maiti, na bahari ya kusini mwa Sydney ilikuwa ikimpigiza mwambani kama mtu anayepura maharage. Hilo pia ni kweli, na mjane wake ametuomba tusilifiche.

Kwa mwaka mzima, tangu Agosti 2006 hadi Jumamosi iliyopita, watu wetu waliyachukua mambo hayo matatu wakayafunga kitita kimoja. Wakasema Anicet alikufa akipigana. Wakasema alitaka kumuua ndugu ya mkewe kwa sababu ya samaki. Maneno hayo yalisemwa Mount Druitt, yakasemwa Bankstown, yakasemwa kanisani na kwenye foleni ya basi. Médiatrice, mjane wake, aliyasikia yote. Alikuwa na swali moja tu, na hakuwa na wa kumuuliza: mume wangu alitaka kumuua mdogo wangu?

Wasikilizaji wapendwa, tumjue kwanza huyu mtu.

Anicet alizaliwa karibu na Rumonge, Burundi, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Alivua tangu meno yake ya utoto. Vita vilipokuja, vilikuja hadi majini. Watu walipigwa risasi ndani ya mitumbwi yao, na asubuhi nyavu zilipovutwa zilitoka na visivyo samaki. Anicet aliwazika kaka zake wawili kwa jembe moja. Akakimbilia kambini Tanzania, akakaa miaka tisa. Huko ndiko alikomwoa Médiatrice. Mwaka 2003 wakafika Sydney, wao na binti yao Darlène, na Anicet akapata kazi kwenye kiwanda cha kuku.

Alipoonja bahari mara ya kwanza, alitema. "Médi," alimwambia mkewe, "Mungu amemwaga chumvi yote huku."

Lakini alirudi. Mwezi ule ule wa kwanza, askari wa uvuvi alimkuta na ndoo ya samaki wadogo. Anicet alipoona sare, aliweka ndoo chini akainua mikono juu. Alijua sare hufanya nini. Yule askari akatoa rula. Akawapima samaki mmoja baada ya mwingine, akawarudisha majini waliokuwa bado hai, akampa karatasi ya sheria na kumtakia siku njema. Basi.

Anicet alifika nyumbani ameduwaa. Médiatrice anayakumbuka maneno yake: "Nchi hii mtoto wa samaki ana sheria ya kumlinda. Sisi wetu walilindwa na nani?"

Tangu siku ile alizishika sheria za uvuvi kama mlokole mpya anavyoshika amri. Ada ya uvuvi alilipa mapema, stakabadhi akaitia kwenye nailoni. Alizitafsiri zile kanuni kwa Kiswahili, kwa mkono wake, akazibandika kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa: samaki yupi, urefu gani, wangapi kwa siku. Alikata mpini wa ufagio akauchonga alama za sentimita. Mgeni akija kwake na samaki wa zawadi, Darlène, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa anawahi mlangoni na ule mpini. Baba akimuuliza kwa Kiswahili, "Ametosha?" mtoto anajibu kwa Kiingereza, "Sorry, too small!" na mgeni anabaki anacheka na aibu yake.

Kuna jambo jingine la kumjua. Anicet hakuwa mtu wa kuinua mkono. Majira ya joto ya 2005, walevi wawili walimfuata gatini. Walipiga ndoo yake teke. Walimwambia arudi alikotoka. Mmoja akampasua na chupa juu ya jicho, nyuzi tano. Anicet alisimama tu, damu ikimwingia mdomoni, mpaka wakachoka. Aliyemsafisha kidonda alikuwa rafiki yake Kiptoo, muuguzi Mkenya wa Bankstown.

"Bro, si hata ungemrudishia moja tu?" Kiptoo alimuuliza.

"Mkono ukishapanda, huwezi kuuambia ushukie wapi," Anicet akasema.

Mkumbukeni hivyo. Sasa twende mwambani.

Agosti hapa ni mwisho wa baridi. Ndio wakati wa samaki mweusi wa miambani, yule wavuvi wa hapa humwita drama. Ni samaki mwenye nguvu za punda. Hula pale maji yanapochemka povu kwenye jiwe, na anayemtaka lazima asimame karibu na povu hilo. Kila majira ya baridi bahari hii huwavua wavuvi wenyewe. Anicet alijua. Alivaa viatu vyenye misumari chini. Alikuwa na desturi ya kuketi juu ya genge nusu saa nzima akiyatazama mawimbi kabla ya kushuka.

Jumapili ile walikuwa watatu. Anicet. Kiptoo, mwenye gari. Na Fiacre Niyongabo, mdogo wake Médiatrice, aliyekuwa na miezi minne tu nchini. Fiacre naye ni mtoto wa ziwa. Naye alivua tangu utoto. Hapo ndipo mauti yalipojificha, wasikilizaji wapendwa: katika ujuzi wake.

Asubuhi ilikuwa shwari. Jua, anga safi, hakuna hata jani lililotikisika. Anicet na Fiacre walishuka. Kiptoo alibaki juu akimimina chai. Aliwapigia kelele, "Wee Fiacre! Hiyo samaki ikikuvuta, utusalimie watu wa Nyuzilandi!" Fiacre akamjibu, "Mimi navuta samaki, samaki hainivutake!"

Kisha Kiptoo akainama kufunga chupa ya chai. Alipoinua kichwa aliona watu wawili wakikabana ukingoni mwa maji. Mngurumo ulikuwa mkubwa, hakusikia neno hata moja. Aliona kisu mkononi mwa Anicet. Alimwona Fiacre akimshika mkono wenye kisu. Aliona ngumi ya kwanza. Aliona ya pili, na damu. Alimwona Anicet akimburuta shemeji yake kwa ukosi na kumsukumiza kwenye ufa wa jiwe. Kisha bahari ikasimama wima, ikawaangukia.

Maji yalipotoka, Fiacre alikuwa kwenye ule ufa. Anicet hakuwepo.

Kiptoo alishuka mbio akang'oa boya la uokozi kwenye mlingoti wake. Alirusha. Anicet alilishika. Kiptoo anasema hadi leo anauhisi uzito ule kwenye kamba. Wimbi likamwinua Anicet, likampiga ubavu kwenye jiwe. Likamrudisha, likampiga kichwa. La tatu likaja, na baada ya hapo kamba ikawa nyepesi. Helikopta ilimpata mchana.

Polisi walimuuliza Kiptoo, "Kulitokea nini?" Akasema alichoona: walikuwa wakipigana.

Hakudanganya. Alisema alichoona.

Fiacre hakuweza kusema chochote. Taya lilikuwa limevunjika, likafungwa nyaya wiki sita. Nyaya zilipotolewa, watu walingoja. Mdomo ulikuwa umefunguliwa, lakini maneno hayakutoka. Polisi walipomrudia alisema hakumbuki. Hakuja tena kwa dada yake. Alihamia upande mwingine wa jiji, karibu na Villawood, na simu hakupokea.

Ninyi mnajua shemeji ni nani kwetu. Shemeji hapigwi. Hata ugomvi ukiwaka, shemeji huletewa kiti akaketishwa. Mtu aliyempiga shemeji yake na kufa mkono bado umekunjwa, huyo huliliwa nusu nusu. Na ndivyo Anicet alivyoliliwa. Matanga yake yalikuwa na viti vitupu. Mama mmoja alimwambia Médiatrice waziwazi, "Dada, ushukuru bahari. Ingekuwa siyo bahari, ungemzika mdogo wako."

Médiatrice alikuwa akienda kazini kuwaogesha wazee wa watu, anarudi, anaketi kitandani upande wa mumewe. Anamlilia, kisha anamkasirikia, kisha anajikasirikia kwa kumlilia. Mwaka mzima.

Sasa, Warundi wana desturi yao. Mwaka ukiisha hukutana kuondoa matanga, wao husema kuganduka. Siku hiyo mkubwa wa ukoo huuliza mbele ya wote: nani ana neno juu ya marehemu? Huuliza mara tatu. Baada ya mara ya tatu, kitabu hufungwa. Jina litakalobaki ndilo jina. Hakuna wa kulifungua tena.

Jumamosi iliyopita, ukumbini Mount Druitt, mzee Vénérand alisimama akauliza. Mara ya kwanza, kimya. Fiacre alikuwepo, ameketi karibu na mlango. Mara ya pili, mtu mmoja akakohoa. Médiatrice alimtazama mdogo wake, na anatuambia alijisemea moyoni: huyu akitoka kwa mlango ule, nimezika wawili.

Mzee Vénérand akavuta pumzi ya mara ya tatu. Fiacre akasimama.

"Aliniita," Fiacre akasema. "Wimbi ya kwanza ilitulowesha magoti. Akasema, 'Shemeji, tupande.' Mie nikacheka. Nikamuuliza, 'Upepo iko wapi?' Sisi kwetu wimbi ni mtoto ya upepo. Upepo hakuna, wimbi hakuna. Akaniambia, 'Wimbi ya huku imezaliwa mbali, kwa dhoruba ambayo hatuioni. Panda!' Nikamwambia amekuwa mwanamke."

Ukumbi ukanung'unika. Fiacre akainua mkono wa kulia, akafungua kiganja. Kulikuwa na kovu nene limekizunguka, kama pete iliyokosea mahali.

"Nilikuwa nimenasa samaki. Kubwa. Fimbo ilishindwa kumwinua, nikaushika mshipi wenyewe. Nikauzungusha kwa mkono. Mara nne, vile tunafanyaka ziwani. Ziwani samaki anachoka. Huyu aliingia chini ya jiwe, na maji yakarudi nyuma yakivuta, mshipi ukaingia ndani ya nyama. Sikuweza kutoka hata kama ningetaka. Na sikutaka. Mungu anisamehe, sikutaka. Niliwaza tu watu watasema nini nikifika nyumbani na samaki ile.

"Anicet akatoa kisu akate mshipi. Nikamshika mkono. Nilidhani ananinyima samaki yangu. Akaniambia, 'Achilia.' Nikamtukana mama yake. Akaangalia nyuma yangu, nikaona macho yake yamebadilika. Ndipo akanipiga. Ya kwanza sikuachilia. Ya pili nikaachilia. Akakata. Akanisukuma kwenye ufa na mgongo wake akauacha nje.

"Kisu kilikuwa cha mshipi. Watu wote hapa wamekula neno la kisu mwaka mzima, nami nilikuwa naliona linaliwa. Ningesema kisu kilikuwa cha nini, ningesema na nani alimuua. Ni mie."

Wasikilizaji wapendwa, Médiatrice aliinuka. Alitembea ukumbi mzima hadi mlangoni. Akamzaba mdogo wake kofi moja lililosikika hadi kwenye maegesho ya magari.

"Hilo ni la kunyamaza," alisema.

Fiacre hakujikinga. Dada yake akaushika ule mkono wenye kovu, akautazama mbele, akautazama nyuma, kama anayesoma barua iliyochelewa. Kisha akamvuta hadi mbele, akamketisha kwenye kiti kilicho karibu na cha kwake. Akamgeukia mzee Vénérand.

"Funga kitabu, mzee. Mume wangu nimemjua."

Kiptoo alikuwa pale. Alipiga magoti mbele ya Médiatrice, mtu mzima, na suti yake. "Dada, mimi ndio nilisema walikuwa wanapigana."

"Si walikuwa wanapigana?" Médiatrice akasema. "Inuka, ule. Jumatatu utanipeleka polisi, na Fiacre. Wameliandika vibaya, waliandike upya."

Wamekwenda. Jumatatu hii Fiacre ametoa maelezo yake, na jina lake ameliweka chini.

Basi tuseme wazi, kwa wote waliosikia lile la kwanza. Anicet Ndikumana, mwenye miaka thelathini na tisa, mvuvi wa Rumonge na wa Sydney, hakufa akimuua mtu. Alimpiga shemeji yake ngumi mbili ili aishi. Shemeji yake yu hai. Yeye ndiye aliyekufa.

Kwenu mnaokwenda miambani mwezi huu: mshipi usizungushwe mkononi. Ziwa ni ziwa, bahari ni bahari, na anayekuambia panda, panda kwanza, umtukane ukiwa juu. Kwetu sisi tuliobaki huku nchi kavu na midomo yetu, kazi ni ngumu zaidi. Kiptoo alikuwa mita thelathini tu, na macho mazima, na bado hakuona. Wewe uliyeyasema haya kwenye foleni ya basi ulikuwa umesimama wapi?

Médiatrice, pole sana. Darlène, binti wa Anicet, pole mwanangu. Ukikua wakakuuliza baba yako aliwahi kumpiga mtu, usiinamishe kichwa. Waambie ndiyo, mara mbili, na mjomba wangu ndiye huyu hapa.